Seva Arobaini, Zote Hai

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo nimeacha ufagio. Naandika tena nione inavyopendeza: leo nimeacha ufagio.

Miaka miwili nimefagia chumba cha seva, nimefuta vumbi kabati kwa kabati, hakuna aliyeniuliza kitu isipokuwa dasta iko wapi. Leo Meneja kaniita ofisini kwake. Akasema Mzee anayeangalia seva anastaafu mwisho wa mwezi, na amesikia nina cheti cha kompyuta. Nikasema ndiyo. Akauliza cha muda gani. Nikasema wiki tatu, lakini zilikuwa wiki ndefu. Akaniangalia. Akasema basi, nijaribiwe wiki mbili. Kila asubuhi nikague seva zote arobaini, nijaze fomu, nitie sahihi yangu, nimpelekee. Mzee asinisaidie hata kidogo, ajifanye hayupo. Ijumaa ya tarehe 14 ndiyo siku ya uamuzi. Nikifaa, kiti changu. Nisipofaa, ufagio na zamu yake.

Hiyo zamu ndiyo kidonda changu. Ufagio ni saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Namwacha mwanangu amelala, namkuta anasinzia. Kiti ni saa moja asubuhi hadi saa tisa alasiri. Saa tisa na nusu ningekuwa nyumbani, jua bado lipo, mtoto yuko macho.

Mwanangu ana mwaka na miezi minne. Tunamwita Kibogoyo kwa sababu meno yalichelewa. Sasa anayo sita na jina limegoma kutoka. Jana alijikwaa kizingitini, akalia "mama!", nikafungua mikono. Akanipita kama nguzo ya umeme, akaenda kumkumbatia mama mkwe. Mimi hana jina langu. Akinitaka ananivuta gauni.

Mama mkwe akasema, "Pole, mwanangu, mtoto hujua aliye karibu." Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana imeniuma zaidi.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Siku ya kwanza. Nimevaa blauzi ya harusi ya dada yangu. Mlinzi wa getini kanisalimia shikamoo. Nadhani hakunitambua.

Nieleze kazi yenyewe, maana siku moja Kibogoyo atasoma hapa ajue mama yake alikuwa nani. Seva ni kompyuta isiyo na mtu mbele yake. Iko kabatini, inavuma, inatunza mambo ya watu: shule, maduka, zahanati. Ndani ya kila moja kuna huduma, yaani programu inayowajibu wateja wakiuliza kitu. Sasa ubaya ni huu. Taa ya seva inaweza kuwaka vizuri na huduma ikawa imelala, kama mwanafunzi anayelala macho wazi. Kwa hiyo hukagui taa. Unasukuma kitoroli chenye skrini, unachomeka waya, unaandika swali, unasubiri jibu, unatia alama kwenye fomu, unachomoa, unakwenda nyingine. Mara arobaini.

Imenichukua saa moja na dakika kumi. Miguu yangu imevimba kwenye viatu vya harusi.

Mzee alikuwa amekaa kwenye stuli pembeni akijifanya hayupo, kama alivyoagizwa. Hawezi kazi hiyo. Nilipomaliza akainuka, akapita mwenyewe, mikono mitupu, akiweka kiganja juu ya kila seva kana kwamba anabariki watoto. Miaka kumi na moja anafanya hivyo. Nimempa jina la Mzee Kiganja. Alipofika karibu yangu akanong'ona bila kunitazama kwamba mashine inayofanya kazi hupata joto, kama mtu aliyebeba mzigo, ikilala hupoa, na "homa ya mtoto, binti yangu, huijui kwa kumuuliza."

Nikacheka kwa adabu. Mtu mzima haachwi acheke peke yake. Lakini yeye hakuwa anacheka.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Siku kubwa.

Jana jioni nilitoa makaratasi ya kozi chini ya godoro, nilikoyaficha ili mama mkwe asiyawashie jiko. Ukurasa wa tisa: skripti. Mwalimu wetu alisema skripti ni orodha ya maagizo, na kompyuta huisoma kutoka juu kwenda chini na kutii bila kununa. Unaipa majina, unaiambia: kwa kila jina, uliza, andika jibu, nenda jina linalofuata. Nilikipenda kitu hiki siku ileile. Ni kitu pekee duniani kinachorudia kazi mara arobaini bila kusema mgongo unaniuma.

Leo nimeiandika. Mistari sita. Nimeiweka ndani ya seva01, ile ya mlangoni, kwa sababu ndiyo yenye kiti na skrini yake. Nikaandika orodha ya majina, seva01 hadi seva40. Nikaandika swali: huduma iko hai? Nikapiga bismillahi, nikabonyeza.

Sekunde nane. Skrini ikajaa.

seva01: HAI
seva02: HAI
seva03: HAI

Na kuendelea, mpaka arobaini. Zote hai. Sijawahi kuona watoto arobaini wenye afya namna hii. Machozi yalinitoka kidogo. Nikayafuta na fomu kabla sijaijaza.

Sekunde nane mimi, saa moja na dakika kumi kitoroli cha Mzee Kiganja. Nimepiga hesabu mara mbili kwenye kikokotozi cha simu. Namshinda mara mia tano na ishirini na tano. Sijamwambia. Ana presha.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Arobaini, zote hai. Meneja akasoma fomu, akasema, "Vizuri." Neno moja, lakini yeye si mwenye maneno. Nimelihesabu kama hotuba.

Mzee Kiganja akaniuliza mbona leo sikuonekana na kitoroli. Nikamwambia kitoroli kimestaafu kabla yake. Nikamweleza skripti kwa upole, kama unavyomweleza mtu mzima. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Binti yangu, hiyo skripti yako inatembea kwa miguu ya nani?"

Nikamwambia haina haja ya miguu, ndio uzuri wake. Akasema ahaa. Akaenda zake kugusagusa.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wahenga waliona mbali. Mzee ndiye anayejitembeza.

Nyumbani nimeona mama mkwe ametundika kalenda juu ya cheti changu. Nikahamisha kalenda. Akairudisha, akasema msumari ulikuwa wake. Nikamuuliza Baba Kibogoyo msumari ni wa nani. Akasema, "Mimi sipo," huku amekaa mbele yetu na kikombe cha chai mkononi. Huyu mume wangu akiwaona mama yake na mkewe wanatazamana hutoweka bila kuinuka kwenye kiti.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Leo fundi umeme alizima kabati la tatu lote, seva kumi na saba hadi ishirini na nne, abadilishe waya uliochoka. Alizima saa moja na nusu, akawasha saa mbili na dakika tano. Mimi nilibonyeza skripti saa mbili kamili.

Arobaini, zote hai.

Nilikaa na hilo kidogo. Seva zimezimwa, mtu amezishika nyaya mkononi, na zinajibu ziko hai. Nikawaza, nikawaza, kisha nikaelewa. Saa ya ukutani inakimbia. Mambo yote ya ofisi hii yanategemea saa mbovu. Nimemwandikia Meneja chini ya fomu kwamba saa ya chumba cha seva irekebishwe. Mtu mwingine asingeliona hilo.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpango wa nyumbani. Nimefikiri: mtoto hajui maana ya neno, anafuata harufu na rangi. Mama mkwe ana mtandio wa kijani, hauvui isipokuwa akioga. Leo alipoingia bafuni nikauvaa, nikakaa kwenye mkeka wake, nikageukia ukuta.

Kibogoyo akaja mbio. Nikasikia vile viguu nyuma yangu, pu pu pu, na moyo wangu ukapiga kwa mwendo huohuo. Akanishika bega. Akazunguka. Akaniangalia usoni, akaushika mtandio, akaniangalia tena. Kisha akaangua kilio kama aliyeibiwa.

Mama mkwe akatoka na sabuni masikioni. Akauliza mtandio wake unafanya nini kichwani kwangu. Nikasema nilisikia baridi. Akatazama jua dirishani. Baba Kibogoyo akasema yeye hayupo, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Niseme ukweli, kwa kuwa ni daftari langu: nililia kidogo jikoni. Halafu nikakumbuka seva zangu arobaini, nikatulia. Kuna mahali duniani ambapo nikiita, wote wanaitika.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Arobaini, zote hai. Wiki ya pili imeanza kama ya kwanza ilivyoisha, kwa ushindi.

Sasa mpango. Fomu inatakiwa saa tatu na nusu, wakati ambao Mzee alikuwa anamaliza. Mimi namaliza saa mbili na sekunde nane. Katikati kuna saa nzima na nusu, iko wazi, haina mwenyewe. Nyumbani ni mwendo wa dakika kumi, nane nikivua viatu.

Nimekwenda. Sikumwambia mtu. Nimeingia mama mkwe anamlisha uji. Akashtuka, akauliza nimefukuzwa. Nikasema mtu wa cheo changu hupangiwa muda wa kutafakari. Akanipa kijiko.

Nimemlisha mwanangu asubuhi ya siku ya kazi. Hajaniita kitu. Lakini alipomaliza alitoa kipande cha biskuti mdomoni, kimelowa, akakiangalia, akanipa mimi. Hakumpa bibi. Nimekila chote, nikarudi kazini nikiwa nimeshiba kama niliyetoka karamuni.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Mzee Kiganja ameanza wivu. Nilikuwa namngojea.

Nilikuwa natia sahihi, akasimama karibu na kabati la nne, kiganja juu ya seva ya ishirini na saba. Akaguna. Akagusa ishirini na sita, akarudi ishirini na saba. Akaiambia dari kwamba hana ruhusa ya kusema neno, lakini kama angekuwa nayo, angesema ishirini na saba ni baridi tangu jana jioni.

Nikageuza skrini aione. seva27: HAI. Herufi kubwa. Akasema ameona. Akasema, "Nguo ya kijani si jani, mwanangu." Nikamwambia Mzee, shikamoo, lakini mimi nina karatasi na wewe una mkono. Akasema marahaba.

Inasikitisha mtu kufanya kazi miaka kumi na moja halafu kumwonea kijicho binti aliyekuwa anamfutia vumbi. Nimemsamehe. Nimeongeza mstari mwishoni mwa skripti yangu ili ichapishe chini kabisa: ZOTE ZIMEKAGULIWA KWA MAKINI.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Leo nimeshika maarifa yangu yote nikayapeleka mahali yanapohitajika.

Arobaini, zote hai. Saa mbili na dakika tano niko njiani. Nyumbani nikakuta jirani tu. Akaniambia mama mkwe amempeleka Kibogoyo zahanati kupimwa uzito na kuchomwa sindano yake. Zahanati iko nyuma ya ofisi yetu. Nikakimbia.

Foleni ilikuwa imetoka mlangoni, ikazunguka ukuta, akina mama na watoto, wengine wamekaa chini. Mama mkwe yuko katikati, Kibogoyo mgongoni. Nikauliza kuna nini. Mama mmoja akanijibu, "Kompyuta imekufa, dada. Tangu juzi. Wanaandika kwa mkono, kadi za watoto hazionekani, hawajui nani kachomwa nini." Mwingine akasema yeye jana alikaa mpaka jua likamkuta upande wa pili wa ukuta, akarudishwa.

Nikasikia damu inachemka. Kadi za zahanati hii zinatunzwa kwetu, na naijua seva yenyewe kwa namba. Ishirini na saba. Na nina fomu mfukoni, wino haujakauka.

Nikapita mbele ya foleni yote. Nikamwambia muuguzi kwamba yeye asiwasumbue wazazi bure, seva yao ni hai, nimeikagua mimi mwenyewe asubuhi hii, sahihi yangu hii hapa. Muuguzi alikuwa na daftari la shule mbele yake, kalamu sikioni na macho mekundu. Akasema, "Dada yangu, ni hai wapi? Mimi nabonyeza tangu Jumatatu." Nikamwambia labda kompyuta yake ndiyo mbovu. Nikamshauri aipanguse. Nikamwachia nakala ya fomu aibandike ukutani, ili wazazi wasome watulie.

Nilipogeuka, foleni yote ilikuwa inanitazama. Mama mkwe alikuwa anatazama upande wa pili, kama mtu asiyenijua. Kibogoyo akanyoosha kidole kwangu, akanyamaza.

Nilimbusu, nikarudi kazini kifua mbele. Ila nilipofika chumbani nikaona mkono wangu unataka kwenda juu ya ishirini na saba. Nikauzuia. Mtu ukishakuwa na karatasi huanzi kupapasa.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Naandika kwa kifupi. Ninajisikia kama ndoo iliyomwagwa.

Saa mbili na robo Meneja aliingia chumba cha seva, mkononi ana nakala ya fomu yangu, imetobolewa na pini. Muuguzi ameileta mwenyewe. Meneja hakupaza sauti. Akaniuliza ishirini na saba ikoje. Nikabonyeza. Hai. Akamgeukia Mzee, akamwambia leo ana ruhusa ya kusema.

Mzee akainuka kwenye stuli. Aliomba tu, kwa adabu, kama naweza kumwachia kiti aongeze jina moja kwenye orodha yangu. Akaandika kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi, tukasubiri kama tunasubiri maji yachemke. Akaniambia, "Haya, binti yangu, bonyeza."

Nikabonyeza. Arobaini na moja. Mstari ulio juu ya ZOTE ZIMEKAGULIWA KWA MAKINI:

goti langu la kushoto: HAI

Hakuna aliyecheka. Mzee akalisugua goti lake, akasema anashukuru sana kusikia hivyo, ila daktari wake ana maoni tofauti.

Meneja akasogea akasoma mistari yangu saba. Akaweka kidole kwenye mmoja: hapa umeiambia itaje jina la seva. Akashusha kidole: hapa umeiambia iulize swali. Sasa wapi umeiambia iende kwenye hiyo seva? Nikatafuta. Mistari saba haina pa kujificha.

Haikuwa inakwenda popote. Ilikaa palepale ndani ya seva01, mlangoni, ikitaja jina la kila seva na kujiuliza yenyewe. Kama mwalimu anayeita majina darasani bila kuinua macho na kujiitikia mwenyewe nipo, nipo, nipo. Siku zote hizi nilikuwa mama anayemuuliza mtoto mmoja mara arobaini kama watoto wote wamekula. Na yule mtoto ameshiba.

Nikawaza ile foleni. Mama aliyekaa chini mpaka jua likazunguka ukuta. Na mimi nikipita mbele yao na karatasi.

Sikusubiri kuambiwa. Nilivua viatu, nikaanza kabati la kwanza. Sikutumia kiganja. Nilitumia mgongo wa mkono, kama ninavyompima Kibogoyo shingoni akiwa na homa, maana kiganja cha mfagiaji ni kigumu, hakisikii vizuri. Joto, joto, joto. Ishirini na saba, baridi. Nikaendelea. Thelathini na tatu, baridi. Mzee akasema hapana, hiyo ameigusa yeye jana, ni nzima. Nikamwambia, "Baba, hii imepoa." Akaigusa kwa kiganja, akatikisa kichwa. Akaigusa kwa mgongo wa mkono. Akanipisha. Nikaleta kitoroli, nikachomeka, nikauliza. Huduma imelala. Ni ya shule, watoto wako likizo, hakuna aliyeuliza.

Nikaamsha zote mbili. Zikakohoa, zikavuma. Nikaweka mkono juu yao mpaka zikaanza kupata joto. Nikaenda zahanati kwa miguu peku kumwomba radhi muuguzi. Kadi zilikuwa zimefunguka. Akasema haya, dada, yameisha, ila nisimletee tena karatasi.

Kesho Meneja anaamua. Ufagio wangu uko palepale nyuma ya mlango. Nimeupangusa kidogo. Si vizuri kukuta chombo chako kichafu.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Nimeshinda.

Meneja aliniita mimi na Mzee. Akasema hajawahi kuona fomu za uongo zilizojazwa kwa mwandiko mzuri namna ile. Nikasema asante. Akasema hakuwa ananisifu. Akamuuliza Mzee, kwa haki yake yote ya miaka kumi na moja, binti huyu afanywe nini. Mzee akavua kofia. Akasema yeye thelathini na tatu ilimpita. Akasema mtu anaweza kufundishwa mistari miwili ya skripti asubuhi moja, lakini mkono unaosikia baridi ambayo mkono wake haukuisikia, huo hafundishwi mtu, huo hulelewa. Akasema tena, "Ana domo, lakini domo huchoka. Mkono hauchoki."

Nilitaka kumbusu. Nilimwita Mzee Kiganja usoni pake bila kukusudia. Akasema amelisikia hilo jina tangu wiki iliyopita, ninapoandika huwa nasoma kwa sauti.

Uamuzi: kiti ni changu, lakini kwa masharti. Miezi mitatu nikague kwa skripti iliyorekebishwa, inayokwenda kwenye kila seva kweli, na vilevile nizunguke kwa mkono, zote arobaini, kila asubuhi, Mzee akinitazama mpaka mwisho wa mwezi. Na nisitoke ofisini kabla ya saa tisa, maana mlinzi aliandika kila nilipotoka.

Wengine hupewa njia moja ya kazi. Mimi nimepewa mbili. Hicho ni cheo.

Saa tisa na nusu nilikuwa nyumbani. Jua lipo.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Siku mbili za kutafakari, na nimepata jambo.

Skripti mpya inakwenda seva kwa seva, nimeijaribu, sina shaka nayo. Kazi iliyobaki ni ya mkono, na hiyo inaweza kufupishwa. Joto ni kama umbea, halikai kabati moja. Seva moja ikiwa na joto, jirani zake lazima wanalipata. Kwa hiyo sina haja ya kugusa arobaini. Nagusa moja kwa kila kabati, ile ya katikati, na nyingine nazijaza kwa kukisia. Makabati matano. Seva tano. Nusu dakika. Sijamwambia Mzee. Nataka nimshangaze kabla hajaondoka.

Lakini si hilo lililonifanya nifungue daftari.

Leo saa kumi na moja jioni nilikaa mlangoni namkausha Kibogoyo nywele. Akanigeukia mwenyewe, bila kuvutwa, bila biskuti, bila mtandio wa mtu. Akaweka mkono wake shavuni kwangu. Akasema, "Mama."

Nikamwambia rudia. Akarudia. Mara tatu, wazi kabisa, meno yote sita yanaonekana.

Nikamwita Baba Kibogoyo. Akaja akasikia. Safari hii alikuwepo. Alitoa cheti changu nyuma ya kalenda, akapigilia msumari mwingine, wake mwenyewe, bila kuombwa.

Mama mkwe yuko jikoni. Amesema anafurahi kwa ajili yangu, ila anaona ni haki nijue kwamba asubuhi Kibogoyo amemwita paka wa jirani "mama", na kabla ya hapo ndoo, na kabla ya ndoo, mlango. Amenishauri nimwoneshe kitu kingine chochote nione atakiitaje.

Wivu tu. Nilimngojea.

Nimejaribu mara tatu, kwangu mwenyewe, na mara zote tatu jibu lilikuwa sahihi. Sioni haja ya kumjaribu na kitu kingine.